Kamshafti na Mwisho wa Mbio katika Injini za Silinda Sita

Kamshafti ni fimbo ya chuma yenye nundu, na kila nundu ina valvu yake. Nundu ikipanda, valvu inafunguka. Nundu ikishuka, springi inairudisha valvu kwenye kiti chake. Fimbo hiyo huzunguka mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili. Injini inayokwenda mizunguko 3,800 kwa dakika, basi, hufungua kila valvu mara 1,900 katika dakika hiyo, yaani karibu mara 32 kwa sekunde moja. Chuma kinachosuguana na chuma kingine kwa kasi hiyo, ndani ya gari lenye umri wa miaka 30 au 40, hulika. Ndiyo maana gereji za Uvira, kama za Bujumbura na Kigoma, hukutana na maswali mawili yanayotembea pamoja: kamshafti iliyochoka ibadilishwe na ipi, na injini iruhusiwe kukimbia hadi wapi.

Majina yenyewe hutofautiana kidogo. Fundi aliyejifunza kazi kwa Kifaransa husema arbre à cames, na valvu huziita soupapes. Aliyetoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kigoma, husema kamshafti na valvu. Wakiinama pamoja juu ya injini moja, huelewana kwa kunyoosha kidole.

Ufukweni, kuanzia mpaka wa Kavimvira hadi Makobola, Mboko na Baraka, injini ya silinda sita inayojulikana zaidi ni ya Toyota Land Cruiser. Ya kwanza kutajwa ni 1HZ ya mazuti, lita 4.2, iliyotoka mwaka 1990 na kutiwa katika jipu za mfululizo wa 70. Iliitangulia 2H, nayo ya mazuti, iliyofanya kazi miaka yote ya 1980. Nyuma zaidi zipo F na 2F za esansi, zilizobeba ile jipu fupi ya FJ40. Nissan Patrol nayo ilileta TD42, ya mazuti, lita 4.2. Zote zina silinda sita katika mstari mmoja, na zote zilitengenezwa kwa ajili ya kuvuta, si kwa ajili ya kushindana.

Ndani, hata hivyo, hazifanani. Katika F, 2F, 2H na TD42, kamshafti imelala ndani ya bloku, pembeni mwa kranki, na inazungushwa kwa gia. Nundu inasukuma tapeti, tapeti inasukuma pushrodi, pushrodi inainua roka, roka inakandamiza valvu. Mlolongo ni mrefu, na kila kiungo kina uzito wake. Katika 1HZ kamshafti imepandishwa juu ya silinda hedi, na nundu zake zinakanyaga moja kwa moja vikombe vilivyofunika valvu. Inazungushwa na mkanda wa mpira, na mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya mazuti. Mtu anayesema tu "kubadilisha kamshafti" bila kutaja injini hajasema kitu bado, kwa sababu kazi ya kwanza hudai kuondoa rejeta na kufungua kifuniko cha gia mbele, na ya pili hufanyika kutoka juu.

Umbo la nundu ndilo linaloamua tabia ya injini. Kimo chake huamua valvu ifunguke kiasi gani. Upana wake huamua valvu ibaki wazi kwa muda gani. Na mpangilio wa nundu ya kuingiza hewa dhidi ya ile ya kutoa moshi huamua ni kwa muda gani valvu zote mbili zitakuwa wazi pamoja, moja ikianza kazi na nyingine ikimaliza. Nundu pana hufaa injini inayokimbia sana, kwa sababu katika mbio kubwa hewa ina haraka na mlango lazima ukae wazi zaidi. Lakini injini hiyo hiyo ikienda polepole, valvu ya kuingiza inayochelewa kufunga huiacha pistoni irudishe nje sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia. Kamshafti ya mbio, kwa hiyo, haiongezi nguvu kila mahali. Inaihamisha: inaitoa chini na kuipeleka juu.

Kwa injini za ufukweni, uhamisho huo ni hasara. 1HZ hutoa nguvu yake kubwa ya kusokota magurudumu kwenye mizunguko 2,200, na nguvu yake ya juu kabisa, karibu farasi 130, kwenye 3,800. Jipu iliyobeba watu na mizigo ikipanda kutoka bonde la Ruzizi kwenda Bukavu hufanya kazi kati ya 1,500 na 2,800. Kamshafti inayoipa uhai kuanzia 3,500 imeipa uhai pale ambapo dereva hafiki, au akifika hapaswi kukaa. Kwa injini ya mazuti kuna ubaya wa pili. Mazuti hayawashwi na plagi, huwashwa na joto la hewa iliyobanwa, na 1HZ huibana hewa zaidi ya mara 22. Valvu ya kuingiza ikichelewa kufunga, hewa inayobanwa hupungua, na injini asubuhi hukohoa moshi mweupe kabla ya kukubali. Ubaya wa tatu ni wa nafasi. Pistoni ya dizeli hupanda hadi karibu kugusa silinda hedi, na nundu ndefu kuliko ya kiwandani inaweza kuipeleka valvu ikakutane nayo.

Mara nyingi wazo la kubadilisha kamshafti huzaliwa na mlima wenyewe. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya bahari, na Bukavu iko karibu mita 1,500. Uvira hewa imepungua uzito kwa asilimia 7 hivi ikilinganishwa na pwani ya bahari, na Bukavu kwa asilimia 14. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho, na dereva huhisi kwamba gari limechoka. Kamshafti haiwezi kuirudisha hewa ambayo haipo. Kamshafti nzuri kwa 1HZ, 2H au 2F iliyochoka ni ile yenye umbo lile lile la kiwandani, chuma kigumu, na vipimo vilivyothibitishwa. Ubadilishaji huo haupendezi kuhadithia, lakini ndio unaorudisha kitu kilichopotea: nundu iliyolika milimita moja huifanya silinda yake ivute pumzi fupi kuliko wenzake watano, na injini hutikisika bila fundi kupata kosa katika nozeli wala pampu.

Sasa kikomo cha mizunguko. Wengi huamini kwamba kamshafti ndiyo inayoamua injini ikimbie hadi wapi. Kamshafti huamua injini ipende kukimbia wapi. Kinachoamua ivunjike wapi ni vyuma vingine, na cha kwanza ni urefu wa safari ya pistoni. Katika 1HZ pistoni husafiri milimita 100 kupanda na 100 kushuka kila mzunguko. Kwenye mizunguko 3,800, mwendo wake wa wastani ni mita 12.7 kwa sekunde. Katika 2F safari ni milimita 101.6, na nguvu yake ya juu iko karibu na 3,600: mita 12.2. Katika 2H, milimita 102 na mizunguko 3,500: mita 11.9. TD42, milimita 96 na mizunguko 4,000: mita 12.8. Hata lori la zamani la Mercedes lenye injini ya OM352, silinda sita, safari ya milimita 128 na kikomo cha 2,800, hutoa mita 11.9. Injini tano, viwanda vitatu, esansi na mazuti, na jibu ni karibu moja. Wahandisi wale hawakukaa meza moja. Chuma cha kutupwa, pistoni nzito na beringi za wakati ule ndizo zilizowafikisha wote mahali pamoja.

Namba hiyo ya wastani inaficha jambo kali zaidi. Pistoni haiendi kwa mwendo mmoja. Husimama juu kabisa, hugeuka, hukimbia, husimama tena chini. Kila inapogeuka juu kwenye mizunguko 3,800, konrodi ya 1HZ huvutwa na pistoni kwa nguvu inayofikia karibu mara 1,000 ya uzito wa pistoni hiyo. Na nguvu hiyo haipandi sawasawa na mizunguko, hupanda kwa mraba wake. Kutoka 3,800 hadi 4,500 ni ongezeko la mizunguko 700 tu, chini ya asilimia 20, lakini mvuto kwenye boliti za konrodi huongezeka kwa asilimia 40. Ikifika 5,000 umeongezeka kwa asilimia 73. Boliti iliyokwisha kukazwa na kufunguliwa mara kadhaa katika oveholi za miaka iliyopita haina akiba ya kubeba nyongeza hiyo.

Cha pili ni springi za valvu. Nundu inaweza kuisukuma valvu ifunguke kwa kasi yoyote, lakini haiwezi kuivuta ifunge. Hiyo ni kazi ya springi peke yake. Mizunguko ikizidi, nundu hushuka haraka kuliko springi inavyoweza kuirudisha valvu, na valvu huelea hewani kwa muda mfupi wakati pistoni inapanda kumfuata mgeni asiyeondoka. Katika injini ya pushrodi, mara nyingi pushrodi hupinda kwanza, na hilo ni jambo la heri, kwa kuwa pushrodi ni chuma cha bei ndogo. Katika 1HZ hakuna pushrodi ya kujitolea. Shina la valvu ndilo linalopinda. Springi iliyopikwa na joto la injini iliyowahi kukosa maji hupungua urefu, na kikomo cha mizunguko hupungua nayo, bila alama yoyote kwenye dashibodi. Njia ya kuijua ni kuzitoa, kuzisimamisha zote 12 kwenye kioo au bamba lililonyooka, na kuzitazama kwa usawa wa jicho. Iliyo fupi huonekana mara moja, na iliyoinama huonekana ikiwekewa rula ya pembe mraba.

Cha tatu kinazihusu hasa injini za silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Kranki yake ni ndefu. Silinda inapowaka huisokota kidogo, kisha kranki hujisokotoa, kama mtu anayekamua nguo. Kuna mizunguko ambayo msokoto huo hukutana na mlio wa asili wa kranki yenyewe na kuongezeka hadi kuipasua. Ndiyo sababu mbele ya kranki kuna puli nzito yenye pete ya mpira katikati, inayomeza mtetemo. Mpira huo huzeeka, hukauka kwa joto, huachana na chuma. Fundi mwangalifu huchora mstari wa chaki kutoka kitovu cha puli hadi ukingo wake wa nje, huiwasha injini, huikanyaga mara chache, kisha huizima na kutazama. Mstari ukiwa umekatika katikati, nusu moja imesogea na nyingine imebaki, pete imekufa, na injini hiyo haina tena haki ya kufikishwa kwenye kikomo cha kitabu.

Afrika Mashariki iliwahi kuona silinda sita za namna tofauti kabisa. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za East African Safari Rally kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Injini yake, L24, ni lita 2.4, silinda sita mstari mmoja, kamshafti juu inayozungushwa kwa mnyororo, na safari ya pistoni ni milimita 73.7 tu. Saa yake ya mizunguko ilianza wekundu kwenye 7,000, na hapo pistoni hukimbia mita 17.2 kwa sekunde. Injini kama hiyo ikipewa kamshafti ya mbio hupokea zawadi inayoweza kuitumia. Kuchukua somo la 240Z na kulitia katika 2F, eti zote ni sita, ni kusahau zile milimita 28 zinazozitenganisha.

Mahali ambapo injini za Uvira hupitishwa kikomo si kwenye mwendo wa kasi. Bonde la Ruzizi, kupitia Kiliba, Sange na Luvungi, ni tambarare, na gavana ya pampu ya mazuti hukata mafuta injini ikizidisha. Hatari iko mteremkoni, na mteremko unaojulikana na kila dereva wa njia ya Bukavu ni Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola. Hapo magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Gavana inaweza kukata mazuti hadi tone la mwisho na bado kranki ikaendelea kupanda mizunguko, kwa kuwa anayesukuma ni uzito wa gari. Dereva anayehisi breki zimepata moto na kanyagio linalegea hutafuta gia ndogo, na kwa kusudi hafanyi kosa. Kosa ni wakati. Katika gia za Land Cruiser hizi, kutoka ya tatu kwenda ya pili mizunguko hupanda kwa nusu au zaidi. Injini iliyokuwa inazunguka 3,000 katika gia ya tatu hujikuta, klachi inapoachiwa, ina 4,500, na kwa giaboksi nyingine zaidi ya 5,000, kwa tendo moja la mkono. Gia ya kushukia huchaguliwa juu, gari likiwa bado linatambaa, na kwa kawaida huwa ile ile ambayo gari hilo lingehitaji kuupandia mlima huo.

Injini iliyopitishwa namna hiyo isiendelee na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Kamanyola ni mahali pa kusimama. Katika 2H au 2F, mlio wa tik-tik usiokuwepo asubuhi, pamoja na tapeti moja iliyolegea sana, humaanisha pushrodi iliyopinda. Hutolewa na kuviringishwa juu ya kioo cha dirisha, na iliyopinda hudunda. Katika 1HZ hutazamwa kwanza alama za puli za mkanda, kama hazijaruka jino. Mkanda huo una muda wake hata bila ajali yoyote: taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka kwenye kilomita 100,000, na ukikatika injini ikiwa inazunguka, valvu hugonga pistoni.

Kazi ya kubadilisha yenyewe huanza kwa kupima. Tupa ndogo ni chombo cha kwanza cha kuichunguza kamshafti mpya, hasa ile iliyofika sokoni bila jina linaloaminika. Tupa hupitishwa polepole kwenye ukingo wa nundu, mahali pasipokanyagwa. Chuma kilichokomazwa vizuri huikataa; tupa huteleza na kutoa sauti nyembamba. Ikiuma na kuacha unga, nundu hiyo ni laini na haitamaliza mwaka. Kamshafti ya zamani iliyosagwa upya huhitaji jaribio hilo zaidi, kwa sababu tabaka gumu la juu ni jembamba na mashine inaweza kuwa imelimaliza.

Katika injini za tapeti, kamshafti mpya haikai na tapeti za zamani. Sakafu ya tapeti inaonekana bapa, lakini ikiwekwa uso kwa uso na nyingine mpya huyumba kidogo, maana ina mbinuko mdogo mno unaoifanya izunguke polepole nundu inapopita. Tapeti ya zamani imekwisha kupoteza mbinuko huo na kuchukua umbo la nundu iliyoizoea. Ikipewa nundu nyingine, haitazunguka, itakwangua, na kamshafti mpya itakufa katika saa za kwanza. Katika 1HZ, kofia za kamshafti hulegezwa kidogo kidogo kwa zamu, kwa sababu springi zinaisukuma fimbo juu na ikiachiwa upande mmoja hukatika. Nafasi za valvu hupimwa injini ikiwa baridi: milimita 0.15 hadi 0.25 kwa ya kuingiza, 0.35 hadi 0.45 kwa ya kutoa. Katika 2F hupimwa ikiwa moto: 0.20 na 0.35. Na kabla ya ufunguo kuguswa, kranki huzungushwa kwa mkono raundi mbili kamili. Panapokataa, hapalazimishwi.

Dakika 20 za kwanza za kamshafti mpya ya tapeti ndizo huamua umri wake, na hapa desturi ya kuiacha injini iungurume polepole "ijizoeze" huiua. Kwenye mzunguko mdogo, springi hukandamiza ncha ya nundu kwa nguvu zake zote, na kranki hairushi oili ya kutosha kuifikia. Injini huwashwa na kupelekwa mara moja kwenye mizunguko 2,000, ikipandishwa na kushushwa kati ya 1,500 na 2,500 bila kuachwa tuli, nundu zikiwa zimepakwa grisi ya kuundia. Oili nzito ya dizeli, yenye zinki na fosforasi nyingi kuliko oili za magari mapya ya esansi, hufaa kazi hiyo, kisha humwagwa na filta kubadilishwa.

Kikomo cha injini iliyozeeka hakisomwi kitabuni peke yake. Ile yenye springi zilizopimwa, puli yenye mpira hai na boliti mpya za konrodi inaweza kufikishwa kwenye namba ya kiwanda: 3,500 kwa 2H, 3,600 kwa 2F, 3,800 kwa 1HZ. Ile isiyojulikana imefunguliwa na nani na mara ngapi ipunguziwe 500. FJ40 ilitoka kiwandani bila saa ya mizunguko, na katika magari mengi ya kazi saa ilikufa zamani. Hapo saa ya mwendo hufanya kazi zote mbili. Jipu ya mfululizo wa 70 yenye tairi za 7.50R16 na difu ya 4.11, ikienda kilomita 60 kwa saa, huzungusha injini kama 1,650 katika gia ya nne, kama 2,500 katika ya tatu, na kati ya 3,800 na 4,300 katika ya pili, kutegemea giaboksi. Alama ndogo ya rangi kwenye kioo cha saa hiyo, mbele ya 50 kwa gia ya pili, na mbele ya 40 kwa injini yenye mashaka, huonekana hata usiku.